John Kirk: Jamaa aliyelaumiwa kwa mambo ya Ujiji, mbegu zetu zikafika London

Leo tunaingia kwenye historia kidogo, ila si ile ya kukariri tarehe ili upite mtihani halafu usahau. Kaa vizuri kwenye kiti, kama muda wako wa mashine unakaribia kwisha ongeza nusu saa, maana habari yenyewe ni ndefu.

Kila mtu wa Ujiji anazijua habari za Livingstone na Stanley. Pale kwenye kumbukumbu kuna mnara, kuna miembe inayosemwa kuwa ni uzao wa ule mwembe wa zamani, na mgeni akishuka Kigoma lazima apelekwe akapige picha. Wazungu wawili walikutana hapa mwaka 1871, basi, hadithi imeisha. Lakini ndani ya habari hiyo kuna mtu wa tatu ambaye sisi hatumtaji. Ujiji hakufika, lakini ugomvi uliozaliwa Ujiji ulimfuata mpaka kwao Uingereza. Na mtu huyo huyo ndiye aliyepeleka Ulaya ua moja la pwani yetu ambalo baadaye lilijaa kwenye bustani za nusu ya dunia. Anaitwa John Kirk.

Wengi wanaomjua wanamjua kama balozi wa Uingereza aliyembana Sultani wa Zanzibar mpaka soko la watumwa likafungwa. Sawa, hilo tutalifikia. Lakini leo nataka tumwangalie kama mtu wa mimea, maana hapo ndipo penye swali linalotuhusu sisi tuliopo hai.

MIMEA NI PESA

Kwanza tuwekane sawa. Mmea kusafiri si jambo geni. Hata huo mwembe wa Ujiji si mwenyeji wa hapa. Asili yake ni huko India na nchi za jirani, ukaletwa pwani, kisha ukafuata njia ya misafara kupitia Tabora hadi ziwani. Mahindi na muhogo tunaokula kila siku vilitoka Amerika. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, kule Indonesia ya leo. Ilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800, na Sultani Seyyid Said akaisukuma mpaka Unguja na Pemba zikawa maarufu duniani kwa zao hilo. Kwa hiyo kuchukua mmea wa mbali na kuupanda kwako si ujanja wa Mzungu peke yake.

Ila Waingereza waliufanya ujanja huo kuwa biashara. Miaka ya 1600 kulikuwa na baba na mwana, wote wakiitwa John Tradescant. Walikuwa watunza bustani, wakikusanya mimea ya nchi za mbali. Baba alifika Urusi mwaka 1618, mwana akavuka bahari hadi Virginia. Bustani yao ilikuwa Lambeth, London, na watu walikuwa wanakwenda kushangaa. Baadaye wakaja wenye bustani za kuuza miche, kama familia ya Loddiges kule Hackney. Tajiri wa Kiingereza alikuwa tayari kulipa hela nyingi ili awe na ua ambalo jirani yake hana. Si unajua mambo ya kushindana.

Tatizo lilikuwa safari. Miezi kadhaa baharini, maji ya chumvi, jua, upepo, na mabaharia hawataki kugawana maji ya kunywa na miche. Mimea mingi ilikuwa inakufa njiani. Halafu daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aligundua kwa bahati karibu mwaka 1829 kwamba mmea ukifungiwa ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu, unajiendesha wenyewe. Maji yanapanda kama mvuke, yanagonga kioo, yanarudi kwenye udongo. Akatengeneza kasha la mbao na vioo. Mwaka 1833, kwa msaada wa hao hao akina Loddiges, makasha mawili yalisafirishwa hadi Australia na mimea ikafika ikiwa hai. Toka hapo mchezo ukabadilika kabisa. Bustani kubwa ya serikali iliyoko Kew, London, ikawa kama stendi kuu ya mimea ya dunia: inapokea, inapima, inatoa majina, inasambaza.

Ndani ya dunia hiyo ndimo alimozaliwa John Kirk.

KIJANA WA SKOTI

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832, huko Barry, Skoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana akasoma udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh, akamaliza mwaka 1854. Zama hizo daktari alikuwa lazima aijue mimea, maana dawa nyingi zilitoka kwenye mizizi, magome na majani. Tofauti na sisi leo tunaomeza kidonge bila kujua kimetoka wapi.

Vita vya Crimea vilipopamba moto alipelekwa kufanya kazi katika hospitali upande wa Uturuki. Wenzake wakipumzika, yeye anapanda milima kutafuta maua. Huyo ndo alikuwa Kirk.

Mwaka 1858 akapata nafasi iliyobadilisha maisha yake. David Livingstone, aliyekuwa ameshakuwa maarufu Uingereza nzima, alikuwa anaongoza safari ya serikali kwenda mto Zambezi. Alihitaji daktari ambaye pia ni mtaalamu wa mimea. Kazi aliyopewa Kirk haikuwa ya kuchuma maua mazuri tu. Alitakiwa kutafuta mimea yenye faida: pamba, nyuzi, utomvu, mbao, dawa. Wazo lao lilikuwa kwamba Waafrika wakipata mazao ya kuuza, biashara ya watumwa itakosa nguvu. Na viwanda vya Uingereza vitapata malighafi. Yote mawili kwa pamoja, tusidanganyane.

Safari yenyewe ilikuwa ngumu kupita kiasi. Malaria, boti mbovu, viongozi kugombana wao kwa wao. Mke wa Livingstone, Mary, alifariki kule Shupanga mwaka 1862 akihudumiwa na Kirk. Na Kirk naye nusura afe. Novemba 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mahali ambapo leo pana bwawa kubwa la Cahora Bassa huko Msumbiji, mtumbwi wake ulipinduka. Yeye akaokolewa, lakini madaftari yake na michoro ya mimea vikaenda na maji. Miaka ya kazi, dakika chache, kwisha. Wavuvi wetu wa dagaa hapa ziwani wanaelewa uchungu wa kuona mtumbwi unageuka na kila kitu ulichohangaikia kinazama mbele ya macho yako. Kirk alianza upya.

SUMU YA MSHALE KWENYE MSWAKI

Huko bonde la mto Shire, Malawi ya leo, Kirk aliona wawindaji wakipaka mishale sumu. Mnyama akichomwa hafiki mbali. Sumu ilitengenezwa kwa mbegu za mmea unaotambaa, na wenyeji waliiita kombe. Kirk akachukua sampuli.

Sasa hapa pana kituko. Mswaki wake ulikuwa umekaa pamoja na sumu ile. Alipopiga mswaki akasikia uchungu mdomoni, na kama daktari akajipima mapigo ya moyo. Yalikuwa yamepungua. Mtu mwingine angekimbia kutubu dhambi zake. Kirk akaelewa kwamba kumbe kitu hiki kinagusa moyo moja kwa moja.

Sampuli zilipofika Uingereza, mmea ukapewa jina la kitaalamu Strophanthus kombe. Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh aliufanyia kazi kwa miaka mingi, na dawa iliyotoka humo ikatumika hospitalini kutibu wagonjwa wa moyo kwa miongo kadhaa. Tafadhali mdau, usije ukaenda kujaribu, ile bado ni sumu inayoua.

Ninachotaka ukione ni hiki. Jina la Fraser limebaki. La Kirk limebaki. Neno kombe nalo limebaki. Lakini yule mwindaji aliyejua mbegu ipi, inasagwaje na kiasi gani kinatosha, hana jina kwenye habari hii. Shikilia hilo, tutarudi kwake.

ZANZIBAR, SANDARUSI NA MPIRA

Mwaka 1866 Kirk alihamia Zanzibar kama daktari wa ofisi ya Waingereza. Mwaka uliofuata akaoa, mkewe akiitwa Helen Cooke. Akapanda ngazi taratibu hadi akawa balozi, na akakaa Zanzibar karibu miaka 20. Mbweni, kusini mwa mji, alikuwa na nyumba na shamba ambalo lilikuwa kama maabara yake. Alikuwa anapokea miche na mbegu toka Kew na nchi nyingine, anapanda, anaangalia kipi kinakubali udongo wa Unguja. Na yeye anapeleka vya huku.

Moja ya mambo aliyoyachunguza ni sandarusi. Hii ni gundi ngumu inayong'aa, ilikuwa inachimbwa ardhini kwenye mrima wa Tanganyika na kuuzwa Ulaya na Marekani kutengeneza vanishi ya samani na magari ya farasi. Kitendawili kilikuwa: inachimbwa sehemu ambazo hazina mti wowote unaoitoa, sasa imetoka wapi? Kirk alilinganisha ile ya kuchimbwa na utomvu wa msandarusi uliokuwa bado unaota karibu na pwani. Ndani ya vipande vya zamani kulikuwa na wadudu, majani na maua yaliyonaswa. Akaonyesha kwamba ni mti ule ule. Misitu iliyoitoa ilishakufa zamani, ikabaki gundi yake tu chini ya ardhi.

Jambo la pili ni mpira. Kabla mpira haujawa wa miguu, neno hili lilikuwa la mmea wa porini unaotambaa na utomvu wake. Kirk alitambua thamani yake akapeleka taarifa na sampuli, na aina mojawapo ikapewa jina lake, Landolphia kirkii. Miaka ya 1870 mpira wa porini ukawa bidhaa kubwa ya pwani, watu wakaingia msituni kugema.

Lakini angalia dunia inavyokwenda. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alipeleka Kew mbegu kama 70,000 za mpira wa Brazil. Miche ikaenda Asia, ikapandwa mashamba makubwa. Mashamba hayo yalipoanza kuzaa sawasawa mwanzoni mwa karne ya 20, bei ikaanguka na mpira wa porini wa huku ukakosa soko. Bustani ile ile iliyopokea sampuli za Kirk ndiyo iliyosaidia kuua biashara yake. Mmea ukishahama, na pesa nazo zinahama.

LAWAMA ZA UJIJI

Sasa turudi nyumbani. Livingstone alirudi Afrika mwaka 1866 kutafuta chanzo cha mto Nile, akapotelea bara. Machi 1869 alifika Ujiji akiwa hoi, akategemea kukuta vitu alivyotumiwa kutoka pwani. Sehemu kubwa ilikuwa imeshaibiwa. Akaomba vingine, na mwenye jukumu la kuvituma alikuwa rafiki yake wa Zambezi, John Kirk.

Tuelewe mazingira. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni miezi mingi ya kutembea kwa miguu. Vitambaa, shanga, dawa, barua, vyote vinabebwa kichwani na wapagazi. Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar na pwani, kikaua watu wengi sana, na kikawakuta hata wapagazi wa misafara. Kirk alitumia wafanyabiashara wa Kihindi kuandaa misafara, kama ilivyokuwa kawaida. Msafara mmoja ulikaa Bagamoyo kuanzia Novemba 1870 hadi Februari 1871 bila kuondoka. Na Sherif, aliyekabidhiwa mzigo mwingine, alipofika Ujiji aliuuza kwa madai kwamba Livingstone ameshakufa.

Oktoba 1871 Livingstone akarudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa, hana kitu, akakuta mali yake imeuzwa. Muda mfupi baadaye Stanley akatokea na misaada kibao. Unafikiri Livingstone alijisikiaje? Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti, na kila habari inahitaji mtu mbaya. Mtu mbaya akawa Kirk. Stanley aliandika kwamba balozi alizembea, akawa anakwenda kuwinda wakati rafiki yake anakufa njaa. Livingstone naye katika barua zake alilalamika.

Kashfa ikaenea Uingereza nzima. Serikali ikachunguza na kumsafisha Kirk. Kwa upande wangu, nikiangalia kipindupindu na umbali wa njia ile, naona alionewa. Lakini pia hakufuatilia sana msafara uliolala Bagamoyo miezi mitatu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Livingstone alifariki Mei 1873, na urafiki wao ukawa umeishia hapo, umechafuliwa na mzigo uliouzwa Ujiji.

SOKO LINAFUNGWA

Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu mingi mno. Pemba ilinusurika. Mikarafuu ile ilikuwa inalimwa na watumwa, kwa hiyo wenye mashamba waliotaka kupanda upya walitaka mikono zaidi. Kwa hali hiyo Sultani Barghash aliona akikubali kukomesha biashara ya watumwa atajimaliza kiuchumi. Ujumbe maalumu wa Uingereza ulikuja mwanzoni mwa 1873 ukashindwa kumshawishi.

Kazi ikabaki kwa Kirk. London ilimpa maagizo: Sultani akikataa, manowari zitaizingira Zanzibar. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alisaini. Soko la Mkunazini likafungwa, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa pale. Utumwa wenyewe haukwisha siku hiyo. Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, na kwetu Tanganyika mwaka 1922. Lakini biashara ya baharini ilipigwa pigo kubwa, na Ujiji, ambayo ilikuwa kituo cha njia ile ya huzuni, ikaanza kuguswa nayo.

UA LA SULTANI

Wakati siasa zinaendelea, bustani nayo inaendelea. Kirk alipeleka Kew mbegu za ua dogo linaloota kwenye kivuli chenye unyevu. Shina lake limejaa maji, petali tano bapa, na tumba la mbegu likikomaa ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu. Mwaka 1882 Joseph Hooker, mkuu wa Kew, alilitangaza kwa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wenye bustani Ulaya wakalipokea kwa mikono miwili, maana linachanua muda mrefu na halihitaji jua kali.

Baadaye wataalamu wakagundua kwamba mmea huo huo ulikuwa umeshapewa jina tangu 1868, Impatiens walleriana, kwa heshima ya mmishonari Horace Waller. Kwa kanuni zao, jina la kwanza ndilo linashinda. Basi Sultani akafutwa kwenye ua lake.

Karne ya 20 ua hili likawa miongoni mwa maua ya bustani yanayouzwa zaidi Marekani na Uingereza. Halafu ugonjwa wa ubwiri unyoya, ndugu wa ule unaowasumbua wakulima wa matango, ukaingia Uingereza mwaka 2003, na mwaka 2011 na 2012 ukavuruga mauzo Marekani. Kampuni za mbegu zikahangaika kutafuta aina zinazohimili. Mojawapo ya aina hizo mpya inauzwa kwa jina la Imara. Ndiyo, Kiswahili hiki hiki. Ua limetoka kwetu, na jina la biashara nalo limetoka kwetu.

Kuna lingine lililompita Kirk mkononi. Mwaka 1884 alituma Kew sampuli za ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mwaka 1887 mmishonari W. E. Taylor, yule bingwa wa Kiswahili wa Mombasa, naye akatuma. Sampuli hazikutosha, hakuna aliyelipa jina. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya huko Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia, kwa jina la familia yao. Leo liko kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, wakati porini kwake, kwenye misitu ya Tanzania na Kenya, aina nyingi ziko hatarini kwa sababu misitu inakatwa.

MWISHO WA MZEE

Mwaka 1885 Kirk aliona kazi yake ya miaka ikivunjwa. Karl Peters alikuwa amekwishazunguka bara akikusanya mikataba ya ujanja na machifu. Agosti 1885 manowari tano za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba la Sultani. Barghash alimtegemea Kirk, lakini London ilishaamua kuwaachia Wajerumani, na Kirk akaagizwa asiwapinge. Sultani akasalimu amri. Ndivyo bara hili lilivyoingia mikononi mwa Wajerumani, waliokuja kutujengea reli iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Kirk aliondoka Zanzibar mwaka 1886. Akapewa vyeo na nishani, akashiriki mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 dhidi ya biashara ya watumwa, akaongoza kamati ya reli ya Mombasa kwenda Uganda. Alifariki tarehe 15 Januari 1922 huko Sevenoaks, Uingereza, akiwa na miaka 89. Jina lake limebaki kila mahali: kima punju wa Jozani ni wa Kirk kwa kitaalamu, digidigi wetu vilevile, na kuna hata jamii nzima ya miti inayoitwa Kirkia.

SASA SISI TUNAPATA NINI?

Wapo watakaosema Kirk alikuwa mwizi. Mimi siwezi kwenda huko moja kwa moja. Mbegu alizochukua hazikuacha shimo, mmea uliendelea kuota hapa. Alifanya kazi kwa bidii, aliandika, alihifadhi, na bila yeye baadhi ya mambo yasingejulikana. Lakini pia si haki kusema aligundua. Wenyeji walijua mpira, walijua sandarusi, walijua kombe. Kilichotokea ni kwamba aliyeandika ndiye aliyepata jina, na aliyeuza ndiye aliyepata pesa. Aliyejua akabaki bila kimoja.

Siku hizi sheria imebadilika kidogo. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai wa mwaka 1992, ambao Tanzania nayo imo, unasema mimea na viumbe vya nchi viko chini ya mamlaka ya nchi husika, na faida igawanywe. Nzuri kwenye karatasi. Ila utadaije mgawo wa kitu ambacho hujakiandika popote?

Na kabla hujasema haiwezekani, sikia hii ya mkoani kwetu. Novemba 1987, kwenye milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman alikuwa na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyefanya kazi hifadhini na mjuzi wa dawa za asili. Wakamwona sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa, anamenya matawi ya mmea mchungu na kufyonza maji yake. Mohamedi aliujua mmea ule. Kwao unaitwa mjonso, na ni dawa ya tumbo. Kesho yake Chausiku akaonekana amepata nafuu. Taarifa ya kitaalamu ilipochapishwa mwaka 1989, majina yalikuwa mawili, la Huffman na la Mohamedi. Mtafiti aliyetoka mbali na mwenyeji aliyejua, wote juu ya karatasi moja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Mahale ya 1987 na mto Shire wa enzi za Kirk.

Kwa hiyo mdau, bibi yako aliyeko Kasulu, babu yako wa Kalya, mama wa Kibembe anayechuma majani kando ya ziwa, wanajua majina na kazi za mimea ambayo wewe unaikanyaga ukienda kupanda daladala. Chukua daftari la shilingi chache. Andika jina la mmea kwa Kiha, kwa Kitongwe, kwa Kibembe, unaota wapi, unatumikaje. Na juu kabisa, kabla ya jina la mmea, andika jina la aliyekufundisha.

Haya, uwanja ni wenu. Kirk alistahili lawama za Ujiji au alionewa? Na kwenu mjonso mnauitaje? Tupia maoni hapo chini, ila bila matusi.